Motokaa Iliyonukia Maandazi

Alhamisi, 4 Juni 1914

Mume wangu Mbaraka kaleta motokaa. Si mchezo! Imeshushwa asubuhi kutoka Kigoma juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja. Rumonge nzima imekwenda ufukweni kuitazama, isipokuwa mimi. Mimi niko arobaini ya uzazi, sitoki nje. Fungu langu ni kitanda, mtoto, na kidirisha cha uani.

Ni kuukuu, anasema wifi yangu Mwanvua anayenihudumia. Iliachwa na Mzungu wa reli aliyerudi kwao. Mbaraka alikuwa dereva wake Tabora, akaichukua kwa mapipa ya mawese. Kaka yake, shemeji Ramazani, kasema kwa mapipa yale angepata ng'ombe, na ng'ombe akizeeka huliwa.

Acha waseme. Mimi najua kwa nini kaileta. Mama yuko Minago, na goti lake halimfikishi hata kisimani. Mtumbwi hapandi tangu ziwa lilipomchukua baba kule Kabonga. Machela hataki – anasema machela ni ya Wazungu na maiti, naye bado hajawa mmoja wao. Na huyu Asiya wangu, somo yake Mama kwa jina, niliyempata baada ya miaka ya watu kunitazama tumbo na kunyamaza, kwetu hutolewa nje na bibi yake mzaa mama siku ya arobaini. Ndiyo Jumapili ya juma lijalo. Nimemwota Mama mara mbili akiwa amembeba.

Ijumaa, 5 Juni

Imenguruma! Baada ya sala Mbaraka aliiwasha, na mtoto akaruka kifuani kwangu. Kwenye njia tambarare ilikwenda vizuri. Ilipofika mwinuko wa msikiti ikalia kwa sauti ya juu, ya juu zaidi, na haikusogea. Halafu ikarudi kinyumenyume na Mbaraka ndani yake. Watu wameisukuma hadi huku juu nyumbani kwa nyimbo.

Na harufu! Mwanvua aliingia akiuliza nani anakaanga maandazi. Jirani yetu Kadidja hakuuliza, alikuja na bakuli.

Jumapili, 7 Juni

Mbaraka anasema injini haina nguvu. Kafungua plagi, kazisugua, kazirudisha. Kachuja petroli kwa mtandio wangu wa Idi – wa Idi! Bado inalia, bado haipandi. Ramazani kasema ni jini la yule Mzungu, limekumbuka kwao.

Mimi nimelala na masikio yangu. Mtu akielemewa na mzigo huguna, sauti hushuka. Hii inapanda juu kama mtu aliyeutua mzigo akaanza kukimbia. Nguvu ipo. Haifiki tu kwenye magurudumu. Nimemwambia Mbaraka kupitia dirishani. Kanijibu kwamba arobaini inampa mtu nafasi ya kuwaza mengi. Sikumpa chai.

Jumatatu, 8 Juni

Nimelijua! Ngoja nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi Bibi Riziki, mkunga, alinikanda kwa mawese kama kawaida, kisha akataka kunifunga mkaja. Akauvuta. Mikono ikateleza. Akaweka goti mgongoni mwangu, akavuta, akahema, jasho likamtoka – na kitambaa tumboni hakikukaza hata kidogo. Nguvu zote zile, kazi hakuna! Nikaanza kucheka. Alidhani nimepandwa na kichaa.

Nikamwita Mbaraka dirishani. Nikamuuliza, injini na magurudumu vinashikana kwa nini? Kasema kuna bakuli mbili za chuma, moja huingia ndani ya nyingine, na ile ya ndani imevalishwa ngozi. Ukikanyaga zinaachana, ukiachia zinashikana. Wajerumani huita kupulungu.

"Hiyo ngozi umeipaka nini?"

"Mafuta. Muzungu alisema ngozi ikikauka itiwe mafuta."

"Mafuta gani?"

Akanitazama kama niliyemuuliza maji gani. "Kwani iko mafuta mengine, Mama Asiya?"

Hapa Rumonge hakuna, kweli. Ukisema mafuta umesema mawese. Lakini kule Tabora, alikumbuka polepole akiwa amekaa chini ya dirisha, ile chupa ilikuwa ya mafuta ya mbarika, na Mzungu alitia matone tu, ngozi ilainike ishike. Yeye kamimina upawa mzima wa mawese. Kwa mapenzi. Ndiyo maana mtaa ulisikia maandazi.

Jumatano, 10 Juni

Nilitaka tuhakikishe kabla ya kufungua vyuma. Mbaraka kaifunga motokaa kwenye mchikichi kwa kamba ya nyavu, akaiwasha, akatia gia, akaachia kanyagio. Kama bakuli zingeshikana, injini ingekabwa na kuzimika. Haikuzimika! Ilinguruma pale pale, na maandazi yakanukia hadi kwa Kadidja. Sote tukashangilia. Nadhani ni sisi wa kwanza kushangilia motokaa mbovu.

Ngozi wameiosha kwa petroli. Imeungua kidogo, anasema Mbaraka, imekuwa nyeusi ukingoni. Sasa kilitakiwa kitu cha kunywa mafuta yaliyobaki. Bibi Riziki yeye, mikono ikiteleza, huisugua kwa pemba, ule udongo mweupe. Na pemba ninayo. Chungu kizima chini ya kitanda! Nilikuwa naitafuna usiku na mchana wakati wa mimba, na mume wangu hakujua kiasi. Leo kajua. Mwanvua kaisaga, wakaipaka.

Ijumaa, 12 Juni

Imepanda! Nimeisikia mwenyewe – sauti nzito, ya chini, ya mbeba mzigo, mwinuko wote hadi mlangoni mwa msikiti. Ramazani alikuwa ndani ya motokaa. Sasa anasema yeye ndiye aliyemshauri Mbaraka kuinunua.

Kesho Minago. Naogopa kidogo ule ukingo mweusi. Mbaraka anasema kwenda itakwenda, kurudi na milima yote ile tumwachie Mungu.

Jumamosi, 13 Juni

Mbaraka na Ramazani wameondoka alfajiri, na kopo la pemba.

Adhuhuri. Kimya. Asiya kanyonya, kalala.

Alasiri. Naisikia! Iko michikichini, sauti ya chini. Mwanvua kapanda juu ya kinu kuchungulia. Kuna mtu nyuma, anasema, kajifunga shuka jeupe kichwani. Ni Mama. Ni Mama yangu!

Wamefika chini ya mwinuko. Inaguna. Inaguna – sauti inapanda. Lo. Inapanda zaidi. Maandazi.

Imezimika. Mwanvua anasema Mbaraka kashuka, kashika kichwa. Watu wanakimbilia kusukuma. Mama kawakatalia. Kashuka. Kachukua fimbo ya Ramazani na anapanda kwa miguu, lile goti lile, motokaa inasukumwa nyuma yake. Nalia na kucheka, wino unachuruzika.

Bibi Riziki kasimama mlangoni. Kesho, anasema, arobaini ni kesho, hakuna anayevuka. Sauti ya Mama hiyo hapo uani! Anauliza nani anakaanga maandazi, na somo yake yuko wapi. Asiya kafumbua macho. Nimesimama naye kizingitini, na Bibi Riziki kanitazama, kisha kageuka kutazama ukuta, asione –