Bolti Nne za Ndege Ziko Kwenye Pindo la Leso Yangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada na naomba uharakishe, salamu utazikuta mwisho wa barua nikizikumbuka, kwa sababu Jumamosi hii ndege ya mwanangu inaruka na mimi ndiye niliyeiba bolti zake.

Naitwa Mabruka, mzaliwa wa Lamu, lakini Dagoretti Corner nimekaa miaka thelathini na moja, ni mjane, masomo niliyaacha darasa la nne kwa hivyo nikikosea kuandika nisamehe. Marehemu mume wangu, Mbarak, alikuwa fundi wa makochi na alituachia nyumba na karakana uani. Mtoto wetu ni mmoja tu, Abdulrauf, ana miaka thelathini na nne, anafanya kazi ofisi ya bima huko mjini, mtu wa shati na tai, mwenye akili zake zote mpaka siku ile lori lilipoleta masanduku mawili ya mbao, marefu hayo, mimi nikadhani mwanangu amenunua kitanda, nikamshukuru Mungu kwamba sasa anataka kuoa, nikampigia dada yangu Shahida kule Mombasa nikamwambia aanze kushona nguo. Kumbe mle ndani mna ndege. Si ya kuchezea, ndege ya watu wawili, imetoka kiwandani ng'ambo ikiwa vipande vipande, na kitabu kinene cha kukuonyesha kipande hiki kinaingia wapi, ati unaiunga mwenyewe nyumbani kama kabati.

Mshauri, huyu ni mtu ambaye mfereji wa jikoni kwangu unadondoka mwaka wa nne sasa na kila Ijumaa ananiambia, "Ma, wikendi ntaangalia." Mfereji una kipande kimoja kibovu. Ndege ina maelfu. Nikamuuliza, "Abdulrauf baba, hakuna ndege zilizokwisha tengenezwa na wanaojua?" Akasema, "Zipo Ma, lakini hii kila kitu najua kimekaa wapi, nimekiweka mimi." Nikamwambia, "Ndiyo hilo hasa linaloniogopesha." Akanibusu kichwani akaenda zake kupiga misumari.

Mwaka jana tuligombana. Mabawa alikuwa ameyalaza juu ya meza ya marehemu ya kukatia vitambaa, bati tupu, limefifia, na mimi nilivyolelewa sufuria ikiachwa imefifia hivyo ni aibu ya mwenye nyumba, basi alipoenda kazini nikachukua jivu na ndimu na ule waya wa kusugulia, nikasugua bawa moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, likang'aa mpaka ukiliinamia unaona meno yako. Nilikuwa nangoja asante. Kumbe lile bati lina ngozi nyembamba ya kulilinda lisiliwe na hewa, na mimi ngozi yote nimeimaliza. Hakunisemesha siku kumi na moja, anakula kimya kama mpangaji, na siku ya kumi na mbili akasema, "Ma, kitu kikiguswa tena mle ndani, mimi nabeba ndege yangu nahamia Karen kwa Haron." Haron ndiye mwalimu wake wa kurusha ndege, kijana mzuri, ana gereji kubwa kuliko msikiti wetu.

Sasa nikwambie kwa nini naiogopa hii ndege. Marehemu Mbarak hakufa kwa maradhi. Alipanda juu ya tangi la maji kuangalia koki, ngazi ikateleza, akaanguka, basi. Baadaye nilipima mwenyewe kwa futi yake ya kupimia makochi. Mita tatu na robo. Mita tatu na robo zilinitosha, Mshauri, na huyu ananiambia ndege yake itapanda mita elfu tatu bila wasiwasi. Wakati ule Abdulrauf alikuwa na miaka sita, tulikuwa tumempeleka kwa Shahida, na mimi nikamwambia baba aliugua, na mpaka leo anajua baba aliugua.

Basi mwezi wa pili aliposema amebakisha kufunga mabawa, niliingia nikaona kimfuko kina bolti nne, nene kama kidole gumba, na kitabu kimefunguliwa mahali penye picha, ndizo zinazoshika bawa lisiachane na mwili. Kizungu sikijui lakini picha naijua. Nikasema bila hizi ndege haitoki hapa. Nikazitia kwenye pindo la leso, nikafunga fundo, leso nikaizika chini kabisa ya sanduku la nguo. Nikajua atatafuta, atachoka, atauza vipande vyake, ataoa.

Alitafuta wiki tatu, alipindua karakana nzima, na mimi nilimsaidia kutafuta, Mungu anisamehe, hata tochi nilimshikia. Akawaandikia watu wa kiwandani, wakamjibu kwamba kila mfuko hupimwa kwenye mizani kabla ya kufungwa, kwa hivyo hazikusahaulika kwao, na bolti zingine akizitaka zitachukua miezi mitatu. Mimi nikafurahi. Miezi mitatu si haba.

Jumatano iliyopita nampelekea chai namsikia anaongea kwa simu na Jackton wa ofisini kwao, anacheka. Anasema, "Nimesorti hiyo maneno. Kuna jamaa Kirinyaga Road anaitwa Musembi, ameniuzia bolti za trela. Nimezipiga msasa kidogo zikaingia. Jamaa ananiambia hizi zinabeba tani ishirini, ndege yako ni nini, hiyo ni kuku." Akacheka tena. Halafu akasema, "Lakini usimwambie Haron, ataanza mahubiri. Zile zenyewe zikifika nitabadilisha. Mkaguzi wa ndege naye alishapita mwezi wa kwanza, alihesabu kila kitu." Birika lilinitoka mkononi, nikasema nimejikwaa.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri Mwalimu Abdulfatah analeta wanafunzi wa madrasa waisomee ndege dua hapa uani, na mimi nimepewa kazi ya kupika pilau ya watu hamsini. Jumamosi asubuhi lori linaibeba mpaka kiwanja kidogo kule mbele ya Ngong. Nitapika, nitaitikia amina, na bolti ziko chini ya nguo zangu.

Nikisema, nitakuwa mwizi mbele ya mtoto wangu na atahama kama alivyoahidi. Nimewaza kuzitupa chini ya meza kama zilizoanguka, lakini pale amefagia mara kumi. Nimewaza kumwomba Mwalimu aseme ameziota. Nimewaza pia ninyamaze kwanza, kwa kuwa Jumamosi mwanangu hapandi, ndege mpya hujaribiwa na mtu mmoja na atakayeijaribu ni Haron, Abdulrauf zamu yake ni wiki inayofuata, kwa hivyo bado nina wiki nzima ya kufikiri. Nifanyeje nisimpoteze mtoto? Salamu kwa wote ofisini.

Mama Abdulrauf, Dagoretti Corner

MSHAURI ANAJIBU

Bi Mabruka,

Salamu zimefika. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimesimama.

Kwanza pongezi. Kina mama wengine huficha rimoti ya televisheni ili mtoto alale mapema. Wewe umeficha mabawa. Mpango wako ulikuwa mzuri, kasoro yake ni moja tu, ulidhani kitu kikikosekana Nairobi kazi husimama. Miaka thelathini na moja umekaa hapa na bado hujawajua kina Musembi. Hapa hakikosekani kitu, hupatikana kingine kinachofanana nacho. Uliondoa chuma kilichoundwa kushika bawa, na mahali pake pameingia chuma cha kushika trela, kimepigwa msasa kiingie kwa adabu. Ulitaka ndege isiruke. Sasa itaruka, ila umeiharibia kushuka.

Tuje kwenye ule mstari ulioupitisha mbio ukidhani sitauona. Una wiki nzima ya kufikiri kwa sababu Jumamosi anapanda Haron. Kwani Haron aliokotwa? Umemwita kijana mzuri kwa mkono wako mwenyewe, ukageuza ukurasa ukamfanya kipimo cha bolti. Naye ana mama mahali fulani, pengine Kitisuru, anayemwambia avae sweta kabla ya kwenda kiwanjani, na hajui kwamba uhai wa mwanawe umefungwa fundo chini ya nguo zako. Siku ukipelekewa habari na watu wasiotaka kukutazama usoni, utasema nini? Kwamba zamu ya wako ilikuwa bado?

Haya, nimekugombeza, sasa nikae nawe. Mita tatu na robo si jambo dogo. Mwanamke aliyechukua futi akaenda kupima mahali mumewe alipoangukia, siwezi mimi kumfundisha habari za hofu. Lakini hebu niambie, Abdulrauf anaijua vipi hofu yako? Anachokijua yeye ni kwamba mama anapenda vitu ving'ae. Umempinga kwa jivu, umempinga kwa ndimu, umempinga kwa wizi, na siku zote hizo hujamwambia baba yake alikufaje. Mtoto amekua anajua watu wa nyumba hii hufa kitandani kwa maradhi. Kwa nini aogope kupanda juu?

Leo ni Alhamisi. Atakaporudi kutoka kazini usimpikie biriani, utajificha nyuma ya biriani. Weka leso mezani na fundo lake vilevile, umwambie afungue mwenyewe. Kabla hajakuuliza, sema: ni mimi, niliziiba mwezi wa pili, na tochi nilikushikia nikijua. Usimsingizie shetani, shetani hakuhitaji picha za kitabu. Halafu msimulie habari ya tangi, yote, pamoja na ile futi.

Atakasirika. Ana haki, mwache akasirike, wala usilie kwa sauti ili aache. Lakini asitoke mezani kabla hajampigia Haron akamweleza kwa mdomo wake bolti zilizomo ni za nini. Zile za Musembi zitoke usiku huohuo. Jumamosi ifutwe. Mkaguzi aitwe upya ayaangalie mabawa yote mawili, matundu yaliyolazimishwa na lile bawa ulilolifanya kioo, na yeye ndiye aseme ndege iruke lini au isiruke kabisa. Si Abdulrauf, si Musembi, na kwa heshima zote, si wewe. Pilau ipikwe na dua isomwe. Anayeombwa hatajali kwamba tarehe imesogezwa.

Na akisema anahama Karen, msaidie kukunja mashati. Karen ni mwendo wa dakika ishirini na watu hurudi kutoka Karen.

Abdulrauf, najua gazeti hili linaingia ofisini kwenu na Jackton atakuwekea mezani. Mwanangu, wewe kazi yako ni bima. Angekuja mtu kudai fidia ya ndege aliyoifunga kwa bolti za trela, ungeita ofisi nzima ije imtazame. Mama yako ameiba bolti, na hilo atalijibu yeye. Kumficha mwalimu wako kitu anachokwenda kukikalia angani, hilo hukufundishwa na mama, ni lako. Mkae mezani nyote wawili kama wezi wenza, mtaelewana upesi.

Bi Mabruka, nimekupigia simu tangu Jumatatu barua ilipofika, hushiki. Najua unaiona. Nataka ujumbe kutoka kwako, hata neno moja, kwamba fundo limefunguliwa na Haron ameambiwa. Usiponifikia kabla ya swala ya Ijumaa, nitakuja Dagoretti Corner mwenyewe. Nyumba hukunielekeza, lakini nitauliza pale steji ni wapi kwenye ndege uani, na sidhani nitauliza mara mbili.