Hatua Sitini Kati ya Nyimbo Mbili

Kosele,
Jumapili, baada ya mvua ya kwanza.

Kaka Mwita,

Nianze na ya kwenu. Mgongo wa baba unaendeleaje, na mama bado anakataa kuvaa miwani? Mimi mzima, na ule mguu uliokuwa unavimba umepona. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu baba hasikii, na wewe hunikatiza. Karatasi haikatizwi. Msomee polepole.

Uliniuliza swali ukataka jibu kabla ya kupanda: nirudi Kehancha nilime kile kipande cha chini kwenye migomba, ama nibaki huku? Nimenyamaza wiki tatu kwa sababu shamba langu la hapa lilikuwa limeshtakiwa. Limeshtakiwa na wimbo. Usicheke kwanza.

Watu wa hapa wana shujaa wao wa zamani, Jatong', maana yake mtu wa mkuki. Amechorwa kwenye ukuta wa bucha, kifua kama mlango. Watoto wa shule wanamwigiza. Kwenye matanga lazima mpigaji wa nyatiti, kile kinanda chao cha nyuzi nane, amwimbe mpaka watu wasahau kwamba wamekuja kuzika. Wanasema alifukuza nyati siku saba, akapanda juu ya mwamba ulio nyuma ya soko, akarusha mkuki, na pale ulipoanguka ndipo mpaka wa koo mbili. Kutoka mwambani hadi mpakani ni ardhi ya ukoo wa juu. Kuendelea mbele ni ya ukoo wa chini.

Sasa, ukoo wa chini wanaimba kwamba mkuki ulianguka kwenye mkuyu. Ukoo wa juu wanaimba kwamba uliupita mkuyu ukaanguka kwenye kijito. Kutoka mkuyu hadi kijito ni hatua sitini, nimezihesabu mara tatu. Na ndani ya hatua hizo sitini, Mwita, ndimo lilimo shamba langu lote, mistari arobaini na miwili ya njugu na kisima nilichochimbisha mwenyewe.

Aliyeniuzia ni mzee wa ukoo wa chini, miaka kumi na moja iliyopita. Karatasi ninayo, ina mashahidi wanne. Mwaka huu mzee amefariki, na hata kaburi halijakauka ukoo wa juu wakasema aliuza kisicho chake. "Karatasi ni ya juzi," wakaniambia. "Wimbo ni wa zamani."

Naibu chifu akaita baraza siku ya Jumatano, ndani ya darasa moja la shule ya msingi. Kila ukoo ukaja na mwimbaji wake.

"Huu ushahidi wenu," naibu chifu akauliza, kalamu mkononi, "utasemwa ama utaimbwa?"

"Utaimbwa," wakajibu wote wawili. Hapo tu ndipo walipokubaliana.

Wakaimba kwa saa mbili na dakika kumi. Wa juu akaimba jinsi mkuki ulivyopita juu ya mkuyu na kutikisa majani yake. Wa chini akaimba jinsi ulivyokwama shinani na mti ukalia kama mtu. Sitadanganya, waliimba vizuri. Mzee mmoja wa upande wetu alifuta machozi akimsikiliza mwimbaji wa upande wa pili.

Nikainua mkono. "Nimepima. Mwamba hadi mkuyu ni hatua mia tatu na arobaini. Hadi kijito ni mia nne. Kijana anayeshinda wote kwa kurusha mkuki shuleni hapa hafikishi sabini."

Darasa zima likaangua kicheko. "Nyar Kuria," mmoja akasema, ndivyo wanavyoniita, binti wa Wakuria, "unapima hadithi na kamba? Kesho utapima malaika na debe!"

"Mwacheni," mwingine akasema. "Huyo ni jadak tu."

Jadak ni mgeni aliyekaribishwa kwenye ardhi ya wenyewe. Neno hilo halina umri, Mwita. Ningekaa miaka arobaini bado lingenitosha.

Ndipo akasimama mama mzazi wa yule mwimbaji wa ukoo wa juu, bibi mfupi mwenye fimbo, akamgeukia mwanawe. "Mbona umeanzia kwa nyati? Mwanzo umeupeleka wapi?"

"Mama, ni mrefu."

"Baba yako alikuwa anauimba wote. Imba, ama niimbe mimi na hii sauti yangu mbaya."

Akaimba, macho chini. Jirani yangu akanitafsiria sikioni, ingawa nilikuwa nimeshaelewa. Kabla ya nyati, Jatong' alifika peke yake, ana njaa. Akamkuta mwanamke analima kando ya mwamba. Mwanamke akamuuliza, wewe nani? Akajibu: "An jadak." Mimi ni jadak. Akaonyeshwa pa kulala na pa kulima. Mwamba ulikuwa wa yule mwanamke.

Hakuna aliyecheka.

"Na wimbo wenu una hicho kipande?" naibu chifu akamuuliza mwimbaji wa chini.

"Kiko. Lakini kwenye matanga watu wanataka mkuki."

Naibu chifu akaandika kwamba hawezi kugawa ardhi kwa mkuki wala kwa nyati. Karatasi yangu inasimama, na mpaka wa koo utasubiri mpima ardhi. Wazee wa pande zote mbili wakaweka vidole. Hakuna aliyeniomba radhi. Yule aliyeniita jadak alikuja Alhamisi kuteka maji kwangu, mitungi miwili, akasema mvua imechelewa.

Basi jibu langu: sirudi.

Nilipokuwa nawasikiliza nilifikiria simulizi yetu sisi, ile ya babu aliyevuka mto na ng'ombe kumi na wawili. Watoto wake wanatajwa sita, wote wavulana. Tangu darasa la nne nimejiuliza kama mkewe hakuzaa msichana hata mmoja. Katika simulizi ile mimi sina pa kusimama, ndiyo maana niko huku. Kile kipande umeniahidi kwa mdomo, na ninakushukuru, lakini kazi ya mdomo nimeiona pale barazani.

Kipande hicho mpe mdogo wetu Robi, ambaye ametoka kwa mumewe akarudi nyumbani na watoto wawili na halali kwa mawazo. Chukua kamba, pima pande zote nne, andika, baba aweke kidole. Mashahidi wasipungue watatu, na mmoja awe mwanamke.

Msalimie mkeo, wifi yangu asiyechoka, na mjomba wetu fundi wa baiskeli. Mama msalimie mwisho, ukiwa umekaa, kisha umuulize majina ya mabinti wa yule babu. Anayajua. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ni mimi dada yako,
Gati