Upepo Tuliouomba

Pasiansi, Machi 1997

Mdogo wangu Maige,

Huku tunasukuma siku. Minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa yake. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Magugu maji yaliyoziba ufuko wetu yameondoka. Tulifunga, Jumapili nikaongoza sala, upepo ukavuma. Kanisa zima likapiga vigelegele.

Kisha nikapata barua yako. Kumbe Jumapili ileile magugu hayohayo yaliwavamia huko kisiwani Kome, mtumbwi uliombeba wifi akiwa na uchungu wa kuzaa ukakwama humo, na mtoto akafa kabla hamjafika zahanati. Nanyi mlikuwa mnasali.

Pole, Maige. Mungu alitusikia sisi, akawaacha ninyi? Au ulikuwa upepo tu?

Kesho wananitaka niongoze shukrani. Nikifumba macho nimwombe Mungu, namwona mwanao, ambaye naye sijawahi kumwona.

Dada yako,
Sabina