Kabati la Mninga na Mifupa ya Ukuta

Kondo, mtani wangu, Mzaramo mla papa,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi nilizipata kwenye darasa la ubatizo, mvi zimeshaota, na katika wazee wa mtaa wetu hapa Tabora hakuna anayenishinda. Nikikosea, njoo unisahihishe. Hata wewe hukujua kusoma.

Siku ya kukuzika nilifanya kazi ya mtani. Nilivaa kofia yako, nikaigiza mwendo wako, nikawaambia wachimbaji wasijichoshe, Mzaramo mfupi hivi anatosha kwenye shimo la mbuzi. Watu wakacheka, hata mjane wako. Halafu nikaenda nyuma ya ua... basi, tuyaache hayo.

Kilichonishikisha kalamu ni lile kabati lako la dawa, la mninga, la mwisho kulitengeneza, uliloniachia nikalitundike zahanati ya misheni. Ukuta ule unaujua: nguzo za chuma, nje bati, ndani mbao nyembamba, katikati upepo mtupu. Uliniambia kitandani, sauti imeshakwisha, "Maganga, misumari hapana. Tafuta mfupa." Zile nguzo uliziita mifupa, mbao ukaziita ngozi.

Nikakuitikia vizuri. Nikaenda nikapiga misumari. Mimi niliyepigilia mabati ya stesheni tangu enzi za Mjerumani, nifundishwe ukuta na mtu wa pwani?

Kondo, lilianguka. Siku ya tatu, asubuhi, juu ya benchi wanapokaa kina mama na watoto wao wagonjwa. Mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza ameitwa ndani na mwanawe. Pale alipokuwa amekaa pakajaa vioo.

Watu wa zahanati walipouliza, nikasema mchwa. Nikasema mbao za marehemu zilikuwa na mchwa. Mninga, Kondo! Tabora nzima inajua mchwa hali mninga. Kwa heshima ya mvi zangu wakaendelea kufagia vioo. Mjane wako alikuwapo. "Shikamoo, shemeji," akasema, akaondoka zake.

Kabati likatupwa uani, lingojee kupasuliwa kuni. Mimi usingizi ukanikataa. Nikakumbuka siku ile karakana ya reli, tulipogombana hivi hivi. Ulinicheka ukasema, "Wewe mtoto wa pagazi! Baba yako alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo. Mzigo aliuweka kwenye kitambi au kwenye mfupa wa bega?" Nilikurushia nyundo. Bahati yako ulikuwa mfupi.

Basi nikalirudia kule uani, nikaunga palipoachana, nikalirudisha ndani. Nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama wewe: du, du, du, halafu ti. Hapo mfupa. Nikatoboa chuma kwa keekee mpaka mabega yakalia, nikatia bolti nene, washa na nati. Pembe moja ilikosa nguzo. Hapo nikatumia hila yako, ile bolti yenye kijiti cha chuma kinachoingia tunduni kimelala, kikifika nyuma ya mbao kinakingama. "Kama mwiba wa samaki kooni mwa Mnyamwezi," ulikuwa ukisema. Lakini hiyo inashikilia pembe tu. Uzito wote uko kwenye mifupa.

Kisha nikaning'inia mwenyewe kwenye hilo kabati. Mzee mzima, miguu juu, mbele ya kina mama! Halikutikisika hata kidogo. Wakanipigia vigelegele, na unajua ninavyovipenda. Lakini mjane wako nilikuwa nimemwita, amesimama mlangoni. Nikashuka, nikasema mbele ya wote, "Shemeji, kabati la mumeo halikuwa na mchwa. Mchwa nilikuwa mimi."

Alicheka, Kondo. Kicheko kile kile cha siku tuliyokuzika.

Lala, mtani. Kila mwezi nitapita kukaza zile nati, maadamu mkono unashika spana. Na nikija huko, nitukane kadiri upendavyo. Siku ya kwanza sitajibu. Ya pili usinizoee.

Ni mimi, Maganga, fundi aliyebaki.