Daftari la Majina ya Wauzaji

Jumatatu, 9 Februari 1998

Kazi imeanza, Mungu nisaidie. Hoteli ilitupunguza sisi wa mapokezi mwezi wa Oktoba, baada ya machafuko ya Agosti kuwafukuza wageni. Sasa wanarudi Diani mmoja mmoja, na mimi nazunguka kwenye nyumba za kupanga nikiwagawia kadi. Kadi ina alama yangu nyuma. Mgeni anaipeleka dukani, muuzaji anaona alama, anajua huyu katumwa na Concepta, ananitolea kamisheni yangu. Basi. Sina duka, sina mashua. Nina maneno tu, na wauzaji wawili walioyakubali: Bi Esha, mshonaji na muuza leso pale Ukunda, na ndugu yake Mwero, anayepeleka wageni kisiwani Wasini kwa mashua.

Mume wangu Jacktone anasema mwisho wa mwezi biashara ikiwa kimya hivi hivi tunarudi kwao Mumias. Tangu vijana wa huku watuvamie Agosti sisi watu wa bara, majirani wabara wameshahama karibu wote. Mimi sitaki. Lakini nikisikia gari linasimama nje, nachungulia dirishani kwanza.

Jumatano, 11 Februari 1998

Leo nimefanya kazi kama kazi. Nimenunua daftari kubwa. Mapokezi tulifundishwa hivi: usimhudumie mtu kabla hujamwandika — jina kamili, nambari ya kitambulisho, anakotoka. Nami nimewaandika wauzaji wangu. Nataka waone kwamba mimi si wa kubahatisha.

Bi Esha aliacha mkasi katikati ya kitambaa. Akauliza yote hayo ni ya nini, mwanangu. Nikamwambia ni utaratibu tu, mama, ili tufanye kazi vizuri. Akanitajia, polepole. Mwero alitaja jina lake, na la Ziro, mpwa wake anayeshika usukani, na nyumba ya Ziro kule Bodo. Aliniuliza mara mbili daftari hilo linalala wapi. Nilicheka! Nikasema chini ya mto wangu.

Ijumaa, 13 Februari 1998

Siku mbaya. Wageni wangu wawili wamerudi na kadi mkononi — duka la Bi Esha limefungwa. Nikaenda ufuoni kwa Mwero. Nilisalimu, hakuna aliyeitikia. Watu wa huku hawakunyimi salamu hata mkiwa mmegombana.

Mwisho muuza madafu mmoja aliniita kando. Askari kanzu wamemchukua Ziro jana alfajiri, kwake Bodo, kwa mambo ya Agosti.

Bodo. Niliiandika mimi.

Sijamwonyesha mtu. Haki ya Mungu, sijamwonyesha mtu. Lakini nani ataniamini? Mbara na daftari lake, anauliza majina na nyumba za watu. Tangu Agosti watu hawa wanachukuliwa na polisi kwa orodha, nami nawaendea na orodha! Mjinga mimi. Ningekuwa wao ningesema hayo hayo wanayosema, kwamba mimi ndiye niliyemuuza.

Jumamosi, 14 Februari 1998

Jacktone amefunga masanduku. Ameniuliza kama najua wale waliokufa Agosti walikufa kwa kosa gani. Sijala tangu jana.

Jumapili, 15 Februari 1998

Baada ya misa mwanamume mmoja alinisubiri langoni. Viatu vinang'aa, shati nje ya suruali. Sauti ya upole kabisa. Akasema anasikia nina kazi safi, na majina ya wenye mashua nimeyapanga vizuri. Kesho saa nne atapita nyumbani, nimwazime daftari kidogo tu.

Askari kanzu huyo, na daftari bado hawajaliona; kwa hiyo kwangu hawakupata kitu. Ziro alichukuliwa kwa njia nyingine. Nilitaka kufurahi, nikashindwa — maana kesho ndipo nitakuwa kweli yule wanayenidhania.

Nikilichoma, nitachukuliwa mimi. Nikimpa — siwezi.

Jumatatu, 16 Februari 1998

Nilitoka saa mbili asubuhi, Jacktone akinisihi nisiende. Bi Esha alikuwa amefungua nusu mlango. Nikasema shikamoo. Alimaliza kukunja leso moja, kisha akasema marahaba. Nikaweka daftari juu ya cherehani yake nikamweleza yote, la mtu wa viatu na la saa nne. Nikalia, sikuweza kujizuia.

Hakuligusa. Akasema Agosti aliwaficha wabara watatu kwenye stoo yake, siku nne, na hakuwauliza majina. Akasema ungekuja ukakaa, ukanywa kahawa, ukarudi tena na tena, tungekujua na wewe ungetujua, bila kalamu.

Ndipo akatazama barabarani, akanisukuma huku nyuma ya pazia la kupimia nguo. Nimetoa mkobani kijitabu hiki ninachoandikia siku zangu. Nisipoandika nitapiga kelele.

Ni yeye. Ile ile sauti ya upole. Hodi, mama. Hakungoja saa nne, ametoka nyumbani kwangu sasa hivi na hakunikuta. Anauliza kama amepita hapa mbara mmoja, anaitwa Concepta. Anasema hana ubaya naye. Tena huyo akipatikana, huenda Ziro akaachiwa, akalala kwake leo.

Daftari niliacha pale juu ya cherehani. Sijui kama amelifunika.

Mtu yule amerudia swali. Bi Esha bado hajajibu.