Vipimo Nilivyotumwa Kuchukua

Jumanne, Novemba 2007. Lanham.

Mvua ya baridi tangu asubuhi, ile isiyonyesha vizuri wala kukatika. Nina hasira, na aliyenikasirisha ni mimi mwenyewe. Majina nimeyabadilisha, maana watu wetu wa hapa wakianza kusoma blogu hii nimekwisha.

Nafanya kazi ofisi ya mabweni, chuo kimoja karibu na Washington. Mtoto wa rafiki yangu, Mama Happy, yuko pale mwaka wa pili. Nyumbani kwao, mji wa Columbia, ni Happiness, binti wa pili. Chuoni ni Baraka, kijana wa kiume. Agosti alikuja kwenye dirisha la ofisi yetu, akaona ni mimi, akageuka aondoke. Nikamwita. Ilimchukua nusu saa kunieleza kwamba hawezi tena kulala chumba kimoja na wasichana, na kwamba jina lile likitajwa anahisi anaitwa mtu mwingine.

Sikuelewa yote. Nilichoelewa ni kwamba mtoto hali wala halali. Nikabishana na bosi mpaka Baraka akapata chumba cha peke yake chenye bafu lake. Kwenye kompyuta jina halibadiliki bila karatasi ya mahakama, ila kibao cha mlangoni nachapa mwenyewe. Nikachapa: Baraka. Nilijisifu moyoni wiki nzima.

Kisha nikaharibu.

Dada yake anaolewa Aprili. Jumapili baada ya ibada akina mama tulikuwa tunagawana kazi za sare. Gauni za wasindikizaji zinashonwa Dar, na kuna mtu anasafiri Alhamisi na vipimo. Mama Happy akalalamika kwamba Happiness naye ni msindikizaji lakini haji nyumbani apimwe, kila wikiendi ana mtihani. Mdomo wangu ukanitangulia: "Mimi si niko naye kila siku? Nitampima." Nilitaka tu kuonekana wa maana. Akanikumbatia mbele ya watu, akasema, "Wewe ndiyo macho yangu kule."

Leo mchana nilipanda chumbani kwa Baraka na tepu ya fundi mkobani. Alipoiona akajua. Kiswahili anakielewa chote lakini hunijibu Kiingereza. Leo alichanganya, kwa kubembeleza.

"Auntie, please, andika tu vya zamani."

Vya zamani ninavyo, vya gauni la kipaimara. Nikamwambia havitafaa, mabega yamepanuka.

"Basi pima," akasema, akanyoosha mikono.

Nikapima. Kifuani amejibana kwa kitambaa kigumu, nikamsikia anavyopumua juu juu. Nilipofika kiunoni alikuwa amefumba macho na machozi yanamtoka. Sijawahi kujichukia kama dakika ile. Mimi niliyemchapia jina mlangoni ndiye niliyemfuata ndani kumpima gauni.

Akaniuliza wanaume watavaa nini. Nikamwambia suti ya kijivu na tai ya kitenge. Akaitikia kwa kichwa tu.

Nimenasa. Baba yake alishatamka, kwa sababu ya kunyoa nywele tu, kwamba mtoto akizidi kuharibika anarudishwa Moshi kwa shangazi. Nikisema, masomo yake yameisha, na kazini siri ya mwanafunzi hapewi hata mzazi. Nikinyamaza, Aprili iko palepale na gauni litakuwa limefika.

Jioni Mama Happy akapiga simu. Umempima? Nimempima. Amekonda? Kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Huko chuoni, mwanangu huwa anacheka?"

Nikasema anacheka. Ni kweli. Akiwa na wenzake namsikia mpaka ofisini.

Nikasikia mama yake analia. "Hapa nyumbani hacheki," akasema. "Miaka yote hii nilidhani kosa ni langu."

Nilisema chakula kinaungua, nikakata simu, na jikoni hakuna chochote.

Kesho, kabla sijampa msafiri karatasi yoyote, nitampelekea Baraka maneno hayo ya mama yake kama yalivyosemwa. Kuamua ni juu yake. Akiamua kumwambia mama yake, atahitaji mtu wa kukaa naye.

Je, nitathubutu kukaa upande wake, Mama Happy akinitazama usoni?