Tobin Aende, au Abaki Chuoni?

S.L.P. 41,
Pecan Ford, Texas.
8 Januari 2013

Mpendwa Kaka Royce,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na heri ya mwaka mpya. U hali gani huko Alaska? Vidole vyote kumi bado vipo, au baridi imeshachukua chake? Unakula vizuri? Usiniambie kahawa ni chakula. Sisi huku hatujambo. Baba anasumbuliwa na mgongo, lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Shemeji yako Curtis alishikwa na mafua siku ya Krismasi, akaugua kama mtu anayeandika wosia, ila sasa amepona. Mimi ni mzima, nimenenepa tu, na naomba usiulize kiasi gani.

Siku ya kwanza ya mwaka tulikula kunde na kabichi kama kawaida, maana nani angethubutu kuukaribisha mwaka bila kunde za bahati? Sahani yako tuliipakua. Baba akaila.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua umelitafuta tangu ulipofungua bahasha: mpwa wako. Mpaka tarehe kumi na tano mwezi huu Tobin anatakiwa aseme kama anaacha chuo aingie ligi ya kulipwa, au anarudi kucheza mwaka wake wa mwisho. Akienda, ndiyo ameenda. Mpira wa chuo hautamfungulia tena mlango. Washauri wa ligi wamemwandikia kwamba timu zikigawana wachezaji wapya, huenda akachukuliwa raundi ya pili, na huenda ya tano. Yaani hawajui, ila wameandika kwenye karatasi nzuri.

Ukumbuke amekuwa kwotabeki wa kwanza wa timu, mrushaji anayewaongoza wenzake, kwa msimu mmoja tu, mechi kumi na tatu. Mkono wa kurusha anao, hilo hata adui hakatai. Lakini kijana akipelekwa kwa wanaume wazima kabla hajaiva, anakalishwa benchi miaka miwili, halafu wanamsahau. Tumewaona wengi.

Curtis alitaka aende. "Udongo uwahi ungali maji," alisema kila asubuhi, "na goti la mtoto halina mkataba na kesho." Wakala mmoja wa wachezaji, Bw. Pruitt, alipiga simu mara tatu kwa siku kumuunga mkono, hata nikakijua kikohozi chake. Baba naye alijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hizo mbili zilipigana mezani kwangu wiki nzima, na chakula kikapoa.

Mimi nilikuwa nimemwahidi Tobin kwamba sitasema neno, uamuzi ni wake. Unanijua, Kaka, nilikaribia kupasuka. Ni wewe tu ninayekwambia: nilitaka abaki. Nilitaka kwa ajili ya mpira wake, na nilitaka pia kwa sababu ni mwanangu na chuo kiko mwendo wa saa mbili tu kwa gari. Sikujua sababu ipi ndiyo kubwa, kwa hiyo niliogopa kufungua mdomo.

Basi siku ya mwaka mpya tukacheza mpira wa ukoo malishoni kwa Baba. Mwaka huu Baba alikuja na karatasi. Miaka thelathini ya kufundisha mpira shule ya sekondari haijamtoka, hata kwa mgongo ule. Chuoni kwa kina Tobin makocha husimama pembeni, wanainua mabango ya picha na kupunga taulo, naye anatazama anajua la kufanya. Ligi ya kulipwa ni mambo mengine. Kocha anamnong'oneza maneno kwa redio ndani ya helmeti mara moja, na kijana anawakusanya wenzake duara awatamkie mchezo wote, nani akimbilie wapi, bila kukosea. Baba akamsomea maneno kumi na manne, mara moja tu.

"Haya, waambie watu wako."

Watu wake walikuwa Curtis, mchungaji wetu, na binamu yetu Loretta aliyevaa viatu vya kanisani. Wakainama duara. Tobin akaanza vizuri, akafika katikati, akakwama.

"Kulia mbili... ee..."

"Ee ndiyo mchezo gani?" Loretta akauliza.

"Fanya haraka, mwanangu," mchungaji akasema, "mimi nikiinama hivi siinuki tena."

Kaka, mtoto akainua kichwa akatazama pembeni, kama alivyozoea. Pembeni kulikuwa na baraza, na barazani nilikuwa mimi, nakung'uta makombo kwenye kitambaa cha vyombo. Nilikikung'uta mara mbili, upande wa kushoto. Tobin akapiga makofi, akapewa mpira, akaurusha kushoto kwa nguvu zake zote, pasi ndefu nzuri ajabu, ukatua ndani ya hori la maji ya ng'ombe. Upande ule hakukuwa na binadamu.

"Darla!" Curtis akapiga kelele. "Umeita mchezo gani?"

"Wa kuoga!" Loretta akamjibia.

Baba alicheka hadi akaketi chini kwenye nyasi, ikabidi watu wawili wamwinue. Tobin naye alicheka. Kisha akaenda kuutoa mpira, akasimama pale kwenye hori kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka.

Kabla ya jioni mji mzima ulikuwa na habari. Kwenye duka la chakula cha mifugo sasa wananiita kocha. Nacheka nao, lakini siku ile niliogopa sana kwamba nimemvunja moyo mwanangu kwa kitambaa.

Kesho yake alikuja jikoni na karatasi ya babu yake mkononi.

"Mama, mechi kumi na tatu," akasema, "na sijawahi kuwaambia wenzangu mchezo hata mmoja kwa mdomo wangu."

Mimi nikaendelea kuosha sufuria iliyokwisha takata. Tangu hapo aliyarudia maneno yale kila mahali. Aliwatamkia ndama. Alimtamkia baba yake wakati baba ananyoa ndevu, nusura baba ajikate. Jumamosi mezani akayasema yote kumi na manne kwa pumzi moja.

"Mnaona?" Curtis akagonga meza. "Huyo yuko tayari!"

"Nimeyakariri, Baba," Tobin akasema. "Sijayajua. Ungeniuliza kwa nini mpira unaenda kulia, nisingekuwa na jibu."

Juzi Jumapili, tulipotoka kanisani, akatuambia anarudi chuoni. Alikuwa ameshampigia kocha wake, na kocha amekubali kwamba kwenye mazoezi ya masika mabango yatawekwa chini siku mbili kwa wiki, Tobin aseme mwenyewe. Bw. Pruitt alipoambiwa alikata simu bila hata kukohoa. Curtis alitoka kwenda kutengeneza uzio ambao haukuwa mbovu. Aliporudi alimshika mwanawe bega akamwambia, "Basi hilo goti ulitunze kama yai." Hofu yake haijaisha, na simlaumu.

Omba likizo mapema, Kaka. Jumamosi ya mwisho ya Novemba ni mechi yao ya mwisho nyumbani, na wazazi wa vijana wanaomaliza huingia nao uwanjani. Nataka mjomba wake uwepo, na uvae suruali safi. Baba anakusalimu na anauliza kama huko hawauzi stempu. Loretta na Curtis wanakusalimu pia. Nifikishie salamu kwa wenzako wote wa kambi yenu ya kazi.

Nimalizie na hili, maana sijamwambia mtu mwingine. Jumapili hiyo hiyo nilimfuata Tobin nje, nikamwambia kwa kuwa ameshaamua, sasa naweza kumweleza nilichokitaka mimi.

"Nilikijua, Mama," akasema. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Nikaingia stoo nikalia, kwa furaha zaidi kuliko uchungu. Nimepata nilichoomba, Royce, na sikuchangia hata neno moja.

Mungu akutembeze salama juu ya barafu hiyo na akurudishe kwetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Darla